Greihaundi Aliyetoka Mbioni: Dalili Zinazomtia Mlezi Wasiwasi na Vyanzo Vyake

Greihaundi, yaani mbwa mwembamba wa mbio, anayestaafu nchini Uingereza au Ireland mara nyingi huwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Amezoea kushikwa na watu, kupandishwa garini, kupimwa uzito na kukaguliwa meno, na pamoja na hayo yote huenda hajawahi kukanyaga zulia. Tangu mbio hizi za kisasa zianze Uingereza katika uwanja wa Belle Vue, Manchester, mwaka 1926, maisha ya mbwa hawa yamekuwa ya bandani: hulala wawili wawili, hutolewa uani kujisaidia kwa saa zilezile, hulishwa kwa saa zilezile, kisha hurudishwa kulala. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mashine ya kufulia, mlango wa kioo, televisheni, ngazi, au mtoto anayekimbia sebuleni na biskuti mkononi.

Kwa sababu hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa ipitishwe katika maswali mawili, na yaulizwe kwa mpangilio huu. La kwanza ni kama kuna maumivu au ugonjwa, kwa kuwa mafunzo yoyote hayaponyi jino lililooza wala unyayo wenye sugu. La pili ni kama jambo linalomsumbua mbwa lilikuwapo bandani au ni geni kwake. Mlezi anayeanza na maswali haya hugundua kwamba mengi yanayoitwa ukaidi ni ugeni mtupu, na yale yasiyo ugeni huwa na dawa kwa daktari wa mifugo. Dhana ya kwamba mbwa anajaribu kumtawala mwenye nyumba haisaidii popote katika kazi hii, na ni afadhali iachwe mlangoni.

Amesimama njiani na hataki kusogea

Mbwa anatoka nyumbani vizuri, anafika kwenye kona ya mtaa, kisha anakita miguu yote minne. Shingo inainuka, masikio yanasimama, na macho yanatazama mbali bila kupepesa. Ukivuta kamba, anajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, na huo ni uzito wa kilo 25 hadi 35, wakati mwingine zaidi.

Chanzo cha kawaida katika wiki za kwanza ni kuelemewa. Basi linalopumua breki, mapipa ya taka yanayoburutwa, pikipiki, harufu za mbwa wengine mia moja kwenye nguzo moja: vyote vimemjia kwa wakati mmoja, naye hana namna ya kuvipanga. Usimvute na usimkemee. Simama ubavuni mwake, legeza kamba, subiri dakika moja au mbili, kisha mzungushe duara dogo na uanze kutembea kuelekea upande mwingine. Mara nyingi miguu hufunguka pale mwili unapogeuzwa. Kwa siku za mwanzo tembea kwa dakika kumi tu, kwa njia ileile na saa ileile, ikiwezekana asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Mbwa mwingine mtulivu akitangulia mbele husaidia kuliko maneno yako yote, kwa sababu greihaundi amekua akiwatazama mbwa wenzake ili ajue la kufanya.

Hata hivyo, angalia anasimama wapi. Mbwa anayegoma juu ya lami na changarawe lakini anatembea vizuri kwenye nyasi anakwambia jambo jingine kabisa. Inua miguu yake, hasa ya mbele, na utazame nyama za vidole vinavyobeba uzito. Sugu ya unyayo huonekana kama kiduara kidogo kigumu, chenye rangi iliyopauka kuliko ngozi inayokizunguka, na ukikibonyeza kwa kidole gumba mbwa huvuta mguu. Ni tatizo linalowapata sana greihaundi kuliko mbwa wa aina nyingine, na linahitaji daktari wa mifugo aipunguze au ashauri tiba nyingine. Viatu laini vya mbwa hupunguza maumivu wakati mkisubiri. Kuchechemea kusikoisha, hasa kunapoandamana na uvimbe juu ya mfupa wa mguu, kusisubiri hata wiki, kwa kuwa saratani ya mifupa huwapata mbwa hawa mara nyingi kuliko inavyowapata mbwa wengi wengine, nayo huanza hivyohivyo.

Mbwa anayegoma tu mnapoelekea nyumbani, lakini alikwenda vizuri, kwa kawaida hana ugonjwa. Ametambua kwamba matembezi yanakaribia kwisha.

Haogopi watu lakini anaogopa jikoni

Tazama miguu yake pale zulia linapoishia na sakafu ya mbao au vigae inapoanza. Anaweka unyayo mmoja, kucha zinakwaruza, mguu unateleza nje kidogo, naye anajikaza misuli ya mapaja, jambo linalozidisha kuteleza. Akianguka mara moja, anaweza kuikataa sehemu hiyo kwa wiki nzima hata kama bakuli la chakula liko upande wa pili. Tandika mikeka yenye mpira chini yake kutoka mlangoni hadi kwenye maji na chakula, kata kucha zake zikiwa zimerefuka, kisha uiondoe mikeka mmojammoja baada ya majuma kadhaa.

Ngazi zinahitaji mafunzo ya makusudi, kwani banda la mbwa huwa halina ngazi. Wanahitajika watu wawili. Mmoja anatangulia na kushika mkanda wa kifuani bila kuvuta; wa pili anakaa nyuma ya mbwa, anauchukua unyayo wa mbele na kuuweka juu ya kidato cha kwanza, kisha wa pili wake, kisha anainua miguu ya nyuma mmoja baada ya mwingine, huku akimwegemeza mbwa kwa kifua chake ili ajue hataanguka chali. Baada ya kurudia mara chache, mbwa wengi huelewa mpangilio wa miguu wenyewe. Kushuka ndiko kwenye hatari, kwa sababu greihaundi aliyeingiwa na hofu akiwa juu anaweza kuamua kuruka vidato vyote kwa mkupuo mmoja, na miguu ile myembamba haikuumbwa kwa kutua hivyo. Mwanzishe kwenye vidato viwili vya mwisho vya chini, kisha uongeze kimoja kimoja kwenda juu, na wakati ambapo hakuna wa kumsimamia funga njia ya ngazi kwa kizuizi kama kile cha watoto wachanga.

Kuhusu milango ya vioo, bandika ukanda wa karatasi yenye rangi katika kimo cha macho yake kabla hajafika nyumbani. Huyu ni mnyama anayeweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na kioo hakionekani.

Anakojoa ndani

Mbwa wa bandani kwa kawaida hupenda kuweka mahali pake pa kulala pakiwa safi, jambo ambalo ni mtaji mkubwa kwako. Asilolijua ni kwamba nyumba nzima sasa ndiyo mahali pake pa kulala. Mtoe mara tu anapoamka, baada ya kula, kabla ya kulala, na kila baada ya saa mbili au tatu katikati, ukimpongeza papo hapo anapomaliza. Ajali ikitokea, safisha kwa dawa yenye vimeng'enya, na uepuke sabuni zenye amonia, kwa kuwa harufu yake inamkumbusha mkojo. Kumkemea baada ya tendo kunamfundisha kujificha nyuma ya kochi wakati mwingine, basi.

Kuna tatizo moja ambalo walezi wengi hawalielewi: mbwa anatembezwa nusu saa nzima, hajisaidii hata kidogo, kisha anarudi na kujisaidia sebuleni. Bandani alifunguliwa uani akiwa huru, hakuwahi kufanya haja yake huku mtu amesimama upande wa pili wa kamba akimtazama. Tumia kamba ndefu ndani ya ua uliozungushiwa uzio, mpe mgongo, na umpe muda. Dume anayeinua mguu kwenye pazia siku ya kwanza anatia alama mahali pageni. Mzungushe vyumbani akiwa kwenye kamba na umtoe nje mara anapoanza kunusa kwa bidii.

Aliyekuwa msafi kisha akaanza ghafla kukojoa ndani, au anayekunywa maji mengi kupita kawaida, apelekwe kwa daktari na achukuliwe sampuli ya mkojo.

Analia na kuharibu vitu akiachwa peke yake

Hili ni moja ya mambo yanayowarudisha mbwa wengi kwenye vituo vinavyowatafutia makao, na mara nyingi hutibiwa vibaya. Greihaundi wa mbio huenda hajawahi kuwa peke yake hata kwa saa moja tangu azaliwe: alizaliwa kati ya ndugu zake, akalelewa nao, kisha akawekwa bandani na mwenzake, na hata usiku alisikia pumzi za mbwa wengine kupitia ukutani. Ukimfungia ndani na kwenda kazini siku ya tatu, umemwondolea kitu alichokuwa nacho kila dakika ya maisha yake.

Kabla ya kutibu, jua unachotibu. Weka simu au kamera itakayomrekodi ukiwa nje, kwa sababu taarifa za jirani na vipande vya mto sakafuni havisemi yote. Mbwa anayelialia dakika tano, akazunguka, kisha akajilaza, anajifunza, nawe endelea taratibu. Mbwa anayelala kwa utulivu kisha akaruka na kubweka barua zinapoingizwa mlangoni ana tatizo la sauti, na tiba yake ni chumba cha nyuma chenye pazia lililofungwa na redio ya sauti ndogo, kitu ambacho mbwa wengi wanakifahamu kutoka bandani. Anayetafuna baada ya saa tatu za ukimya huenda amechoka kukaa bure, au kibofu kimejaa. Lakini anayehema tangu mlango ulipofungwa, anayetokwa mate mpaka kifua kinalowa, anayekwaruza fremu ya mlango na kujisaidia akiwa anatembea, huyo yumo katika hofu kuu, na ushauri wa kumwacha alie mpaka achoke unamharibu zaidi.

Kwa huyu wa mwisho, utengano ujengwe kwa sekunde. Anza na kusimama upande wa pili wa kizuizi cha watoto wachanga huku akikuona. Kisha toka chumbani na urudi kabla hajainuka. Chukua funguo, vaa koti, kisha keti tena, hadi vitu hivyo viache kuwa habari mbaya. Fungua mlango wa mbele, ufunge, urudi. Muda uongezwe kwa kufuata utulivu wake, si kwa kufuata ratiba yako ya kazi, na katika kipindi hicho ni lazima upate mtu wa kukaa naye saa unazotoka, hata kama ni kwa kubadilishana zamu na jirani. Anza zoezi hili tangu siku ya kwanza, hata kama umechukua likizo. Likizo ya wiki mbili ambayo mbwa hakuachwa hata kidogo inamwandalia Jumatatu mbaya sana.

Sanduku la waya la kulalia linapendekezwa mara nyingi kwa hoja ya kwamba amezoea kufungiwa. Bandani alikuwa na nafasi na mwenzake, na mbwa mwenye hofu anaweza kuvunja meno na kucha akijaribu kutoka kwenye waya. Asiingizwe humo isipokuwa kama huingia mwenyewe na kulala mlango ukiwa wazi. Kuongeza mbwa wa pili husaidia baadhi, lakini si dawa ya uhakika, na usichukue wa pili kabla ya kuona jinsi wa kwanza anavyokaa na mbwa wa kuazima. Iwapo majuma yanapita bila nafuu, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu dawa za kupunguza hofu sambamba na mafunzo. Hakuna aibu ndani yake.

Usiku tatizo huwa hilohilo na suluhisho huwa jepesi: tandika kitanda chake chumbani mwako, au lala karibu naye sebuleni kwa siku chache, kisha sogeza kitanda kidogo kidogo hadi pale unapotaka kibaki.

Ananguruma au kumrukia mtu anapoguswa usingizini

Greihaundi hulala usingizi mzito, na wengine hulala macho yakiwa nusu wazi, kiasi kwamba mtoto anadhani mbwa yuko macho na kumkumbatia. Bandani hakuna aliyemruka kwa miguu akiwa amelala wala kumbusu usoni. Anaposhtuliwa, mwili hutenda kabla akili haijaamka: kichwa kinageuka kwa kasi, meno yanaonekana, sauti inatoka, kisha mbwa mwenyewe anatazama huku na huko kama asiyejua kilichotokea.

Kitanda chake kiwekwe pembeni, mbali na njia ya kupita. Kila mtu nyumbani amwite jina na kusubiri ainue kichwa kabla ya kumsogelea, na watoto wafundishwe kwamba mbwa aliyelala haguswi kabisa. Asishiriki kochi wala kitanda na watu katika miezi ya kwanza. Anaponguruma, ondoka na umshukuru moyoni, kwa sababu mngurumo ni onyo. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Ikiwa ananguruma akiguswa sehemu moja tu ya mwili, au akiwa macho kabisa, rudi kwenye swali la kwanza na utafute maumivu.

Wageni ni sura ya pekee, hasa kwa familia zetu zilizoko Uingereza, ambako shangazi aliyezoea mbwa wa kulinda anayelala nje anaweza kuingia sebuleni na kukuta mbwa mkubwa kuliko mjukuu wake amejinyoosha miguu juu hewani. Wapo pia wanaotaka kuswali na hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao. Chumba kimoja kisichoingiwa na mbwa kabisa, na kizuizi mlangoni mwa sebule, vinamstarehesha mgeni na vinampa mbwa mahali pa kujificha makelele.

Anafukuza paka, au ametoroka

Uwindaji wa kufuata kwa macho umo katika damu yake, na mafunzo ya kumfukuzia sungura wa bandia yameukoleza. Hata hivyo, wapo greihaundi wanaoishi na paka kwa amani. Uliza kituo kama amejaribiwa. Wakutanishe mbwa akiwa na kifungakinywa cha kikapu, ambacho anakifahamu tangu mbioni na hakimkeri, akiwa pia kwenye kamba, na paka akiwa na mahali pa juu pa kukimbilia. Dalili ya hatari ni ukimya: mwili umekauka, macho hayabanduki, masikio yamesimama, na jina lake haliingii. Anayeweza kugeuza uso unapomwita anafundishika. Kumbuka kwamba paka huyohuyo anayelala naye ndani anaweza kuwa windo akikimbia bustanini.

Shingo ya greihaundi ni nene kuliko kichwa, hivyo mkanda wa kawaida hutoka kwa urahisi akirudi nyuma. Tumia mkanda mpana unaojikaza kidogo anapovuta, na kwa mwenye hofu ongeza mkanda wa kifuani wenye kamba yake. Kamba zinazojivuta na kurefuka zenyewe hazimfai, kwa kuwa hatua chache tu zinamtosha kupata kasi itakayong'oa mshikio mkononi au kumvunja shingo kamba inapofika mwisho. Asifunguliwe mahali pasipo uzio, hasa karibu na kondoo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inamhesabia mwenye mbwa kosa mifugo inaposumbuliwa. Awe na kibati chenye jina na anwani yako, kama inavyotakiwa tangu 1992, na chipu iliyosajiliwa kwa jina lako wewe, si la mmiliki wa zamani. Jioni za mwanzoni mwa Novemba, fataki zinapolipuliwa, mtoe kabla ya giza na akague uzio mtu mzima.

Akitoroka, usimkimbize. Kimbia upande mwingine ukimwita kwa furaha, au kaa chini, au tikisa pakiti anayoijua.

Tumbo, baridi na mwili

Kuharisha siku za mwanzo hutokana zaidi na kubadilishiwa chakula na wasiwasi. Endelea na chakula cha kituoni kwa wiki moja, kisha changanya kipya kidogo kidogo. Kukizidi siku mbili, au kukiwa na damu, peleka kinyesi kipimwe minyoo. Asiyekula siku ya kwanza aachwe atulie. Bakuli liondolewe baada ya robo saa, lirudishwe saa ya mlo unaofuata. Asikimbizwe mara baada ya kula, na tumbo likivimba huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Manyoya ni mafupi na mafuta ya mwili ni machache, hivyo koti la baridi ni hitaji, na ngozi nyembamba huchanika kwa mwiba ambao mbwa mwingine asingeuhisi.

Unapokwenda kwa daktari wa mifugo

Chagua daktari anayewafahamu mbwa hawa, au umkumbushe kwa heshima. Chembe nyekundu za damu zao ni nyingi kuliko kawaida ya mbwa, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni chache, na homoni ya tezi ya shingo huwa chini. Asiyejua hilo anaweza kumwanzishia tiba mbwa asiye mgonjwa. Baadhi ya dawa za usingizi, hasa za jamii ya thiopentali, hukawia sana kutoka mwilini mwao, na baadhi yao huvuja damu siku kadhaa baada ya upasuaji, hata mdogo. Meno yatazamwe mapema, kwani mara nyingi yamekwisha haribika kabla hajafika kwako.

Chukua pia alama ya utambulisho iliyochorwa kwa wino (tatuu) ndani ya sikio na ukiombe kituo kumbukumbu za majeraha yake. Mbio hukimbiwa kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kila kona huulemea mguu wa kulia wa nyuma, na kifundo chake ndicho kinachovunjika mara nyingi. Mbwa mwenye historia hiyo ambaye anakataa ngazi asubuhi za baridi, lakini anazipanda mchana, apigwe picha ya kifundo hicho kabla ya kuendelea na masomo ya ngazi.